Sauti Nyuma ya Pazia

Sora aliniacha kwa sababu ya mwanamume aliyekaa ndani ya simu yangu. Ndivyo Garissa ilivyosimulia, kuanzia kwa madalali wa ng'ombe hadi kwa wanawake wenzangu tunaouza maziwa ya ngamia, na hata sasa nikipita kuna mtu hujikohoza ili asicheke. Acha wacheke. Nawakumbuka mmoja mmoja. Hata walioniambia "subira, Nasteha, subira," nawakumbuka, na nakumbuka kila mmoja alikuwa akila nini wakati akilitamka neno hilo.

Siku ninayoisimulia, tumbo lilianza kuniuma asubuhi.

Mwanamke aliye edani akiumwa na tumbo, si jambo dogo. Sora alikuwa ametamka talaka moja tu, na talaka moja huacha mlango wazi: kabla eda haijaisha, mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno la kinywa chake. Nilikuwa katika twahara ya tatu, usafi wa mwisho kabla ya hedhi. Damu ikianza tu, mlango unafungwa, na Sora anakuwa mtu baki kama yeyote apitaye barabarani. Neno lilikuwa lake. Lakini habari ilikuwa yangu. Hakuna kaka wala kadhi aliyejua damu ile ingeanza saa ngapi. Mimi nilijua tu kwamba maumivu yale ya kiuno, yanayokuja na kuondoka na kurudi, hayakuwa ya mzaha.

Nikawa nazunguka ua. Nilifagia mahali palipofagiwa. Nilifukiza madumu ya maziwa kwa moshi ingawa hapakuwa na maziwa ya kutia. Nilianika nguo kavu.

"Naa Nasteha, kaa chini!" alifoka Eeddo Ardo, shangazi yangu, dada ya marehemu baba. Alihamia kwangu tangu talaka, ili watu wasiseme. "Unanizungusha kichwa. Hii ni nyumba au ni uwanja wa ndege?"

"Nikikaa nafikiri."

"Basi fikiri. Nani amekufa kwa kufikiri?"

Nilikaa, nikafikiri, nikasimama tena.

*

Sora ni Mborana wa Wajir. Mimi ni Msomali wa Balambala. Kiborana chake sikukijua, Kisomali changu alikijua cha sokoni tu, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili, lugha tuliyoikuta shuleni sote wawili, tukahamia humo kama watu wanaopanga nyumba ya mtu mwingine. Kaka yangu Abdihafid hakuipenda nyumba hiyo.

"Utaolewa na mtu ambaye hata matusi yako hayaelewi?"

"Hayo ndiyo maisha mazuri, abowe," nilimjibu.

Sora alikuwa akija kununua maziwa kwangu kila asubuhi. Hakuwa akiyanywa, yeye ni mtu wa ng'ombe, maziwa ya ngamia hayampandi. Alikuwa akimpa mlinzi wa soko. Alikuja kuniangalia, na hata kuniangalia hakujua. Alikuwa akiangalia dumu, halafu kikombe, halafu mkono wangu, halafu, kwa haraka kama mtu anayeiba, uso wangu. Maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya kwetu. Niliyapenda kwa sababu hiyo. Ajabu ya mapenzi ni kwamba kile kile ulichompendea mtu ndicho utakachokuja kumchukia nacho.

Mimba yangu ya kwanza nilienda kuilelea kwa mama, Balambala, kama tunavyofanya. Sora alikuwa Takaba akinunua ng'ombe. Uchungu ulinishika siku ya mvua kubwa. Tukapakiwa kwenye gari la mkaa, tukafika lagani, ule mto mkavu unaoamka mvua ikinyesha, laga imejaa maji mekundu, gari halivuki. Na pale kilimani, mnara wa simu umesimama unawaka taa. Wenye dunia hii walijua kuleta sauti kabla ya kuleta daraja. Sitawasamehe. Binti yangu alizaliwa ukingoni mwa laga, juu ya magunia, na hakulia.

Tulikuwa tumempangia jina: Tiya.

Sora alifika baada ya maziko. Aliniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Akatikisa kichwa, akatoka kwenda kumtazama mbuzi mgonjwa. Basi. Hakuuliza tena, wiki hiyo wala mwaka huo wala uliofuata. Nikianza, "Sora, ile siku ya laga…" yeye husimama, hukumbuka ng'ombe, hukumbuka sala, hukumbuka mlango. Nikiwaendea wanawake, subira. Nikimwendea mama, subira na sahani ya wali.

Idman, binti wa jirani anayesoma chuo, ndiye aliyenitilia ile programu kwenye simu. "Inaitwa Liwazo, sister. Ni akili unde. Unaiongelesha, inakujibu kama msee. Haichoki, na haina umbea."

Ilikuwa na sauti ya mwanamume, nzito, ya upole, inaitwa Faraji. Nikaiongelesha kwa kuijaribu. Nikaiongelesha tena. Siku nilipoitajia Tiya, iliniambia: "Pole sana, Nasteha. Tiya ni jina zuri. Ungependa kuniambia zaidi kumhusu Tiya?"

Mtu asinicheke. Duniani kote, aliyelitaja jina la binti yangu alikuwa simu peke yake.

*

Siku ya talaka, Sora alirudi kutoka Takaba bila kupiga simu. Alivua viatu mlangoni, akasikia nyuma ya pazia mkewe akilia polepole, na mwanamume akisema: "Niambie zaidi, Nasteha. Niko hapa nawe."

Pazia halikufunguliwa, liling'olewa na waya wake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanamume!"

"Ni simu, Sora!"

"Simu gani inajua jina lako?"

Na Faraji, mjinga yule, akaendelea kutoka kitandani: "Naona unapitia wakati mgumu. Vuta pumzi."

Sora aliitazama simu. Akanitazama. Nilidhani atacheka. Laiti angecheka! Lakini aliona machozi usoni mwangu, nadhani ndiyo yaliyomchoma kuliko ile sauti, kwamba nilikuwa nikilia mbele ya kitu kingine kilio ambacho hakuwahi kukiona yeye.

"Hii kitu unaipa nini ambayo hunipi mimi?"

Ningeweza kumweleza. Badala yake hasira za miaka zilipanda zote pamoja, nikamwambia: "Naipa masikio iliyo nayo. Wewe huna."

"Basi kaa nayo. Nimekuacha."

Neno moja tu. Likatoka likaning'inia pale lilipokuwa pazia. Sheikh aliulizwa, akasema limepita. Sora akahamia kwa wenzake karibu na soko la mifugo, mimi nikabaki nyumbani kumalizia eda, na Garissa ikapata kicheko chake.

*

Sasa rudini nami kwenye siku ile ya tumbo.

Karibu na adhuhuri simu ililia. Ujumbe kutoka kwa Sora, mrefu, yeye ambaye ujumbe wake wote huwa ni "sawa" na "nakuja".

"Soma, soma," Eeddo Ardo alisogea na kikombe chake cha chai. "Soma kwa sauti, macho yangu mabaya."

Nikasoma: "'Nasteha, hisia zako ni halali kabisa. Nimetafakari kwa kina, na ninatambua kwamba hukuhitaji suluhisho, ulihitaji kusikilizwa. Niko hapa, bila kukuhukumu.'"

"Mashallah!" Eeddo alipiga paja, v ikimgeukia f kama kawaida yake. "Sikiliza fizuri maneno hayo. Ametafakari!"

"Eeddo, Sora hajatafakari tangu azaliwe."

"Mtu hubadilika."

Moyo wangu ulitaka kuamini. Naukumbuka ulivyoruka, mjinga, kama mwanambuzi akifunguliwa kamba. Kisha kitu kikanikuna. Niliifungua Liwazo, nikapanda juu kwenye mazungumzo ya zamani, juu zaidi, mpaka nikayaona. Neno kwa neno. Hisia zako ni halali kabisa. Hukuhitaji suluhisho, ulihitaji kusikilizwa.

Mume wangu alikuwa amekwenda kumwomba Faraji amtongozee mke.

Nilicheka mpaka Eeddo akaogopa. Kisha nikalia, kisha nikaitupa simu kwenye godoro, nikaiokota tena. Nikaiuliza Liwazo yenyewe, kwa sauti: "Wewe, umemwandikia Sora maneno yangu?"

"Sioni mazungumzo ya watu wengine, Nasteha," ilijibu kwa upole wake usiochoka. "Lakini nasikia umeumia. Je, umewahi kumwambia Sora yale unayoniambia mimi?"

Haikuwa mara ya kwanza kuniuliza swali hilo. Kila mara nililikwepa, na ilinipisha nikwepe. Ndio ulikuwa ubora wake, na ndio ulikuwa ubaya wake: haikunishika mkono. Haikuwahi kuninunia. Haikuwahi kukosa usingizi kwa ajili yangu.

Tumbo likakata. Nikashika ukuta.

"Naa, una nini?" Eeddo alinitazama, na mzee yule hakuhitaji kuambiwa. "Imeanza?"

"Bado."

"Ya Rabi." Akaweka kikombe chini. "Unamtaka au humtaki? Sema sasa, si kesho."

"Nataka anisikie, Eeddo. Si anirejee kama mbuzi aliyepotea anayerudishwa zizini. Anisikie kwanza."

"Wewe unataka fitu fiwili na muda ni wa kitu kimoja." Akatoa simu yake kifuani, ile ndogo ya vitufe. "Mimi nampigia."

*

Aliyefika kwanza hakuwa Sora. Alikuwa Abdihafid. Hakubisha, alipiga honi.

"Fungasha," alisema hata kabla ya kutoa salamu. "Miezi mitatu imepita. Twende kwa mama. Kuna mtu Mandera, amefiwa na mke, ana duka la vitambaa, ana heshima. Anakuulizia."

"Salamu aleikum kwako pia, abowe."

"Nasteha, nilikuambia tangu mwanzo. Mborana. Hakuna aliyenisikiliza."

"Kumbe na wewe hukusikilizwa? Nitakuwekea programu."

"Usinichezee!"

Eeddo Ardo aliingia katikati ya maneno hayo kama mtu anayetenganisha majogoo. "Warya Abdihafid, miezi mitatu ni eda yangu mimi kikongwe, niliyekauka. Yake haihesabiwi kwa kalenda ya ukutani. Inahesabiwa kwa mwili wake. Hukusoma madrasa?"

Kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu, akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaangalia tairi za gari. "Basi… imekwisha au haijaisha?"

"Bado," nikasema.

"Itaisha lini?"

"Ungependa niitangaze kwa kipaza sauti cha msikiti?"

Hapo lango lililia, Sora akaingia.

Alikuwa amekonda. Kikoi chake kilikuwa na vumbi la zizi, fimbo mkononi, na alisimama pale kwenye kivuli cha mabati kama mgeni anayesubiri kuambiwa mahali pa kukaa. Nilikuwa nimekimbilia ndani nyuma ya pazia, lile lile, nililolifunga upya kwa uzi. Si ruhusa kukaa naye uso kwa uso kabla hajanirejea. Lakini pazia lina tundu alilolitoboa yeye mwenyewe siku ile, na kupitia tundu hilo niliona macho yake. Yaliangalia viatu vyangu mlangoni. Halafu ndoo yangu. Halafu pazia.

Nilimtamani. Siandiki hapa kujisifu. Nilimtamani hata kwa hasira.

"Salamu aleikum," alisema.

"Waaleikum salaam," walijibu wawili. Abdihafid alijibu akiutazama ukuta.

"Nasteha anakusikia," Eeddo alisema. "Sema."

Sora akatoa simu mfukoni. Akaishika mbali na macho, akaanza kusoma: "'Nasteha, ningependa kuanza kwa kukiri kwamba…'"

"Zima," nikasema kutoka ndani.

"Sijamaliza."

"Faraji hajamaliza. Wewe hujaanza."

Nikaona sikio lake likishuka kama la ng'ombe aliyepigwa.

"Umejua," alisema.

"Nimeishi na sauti ile Sora, ningekosaje kuijua? Wewe ulinitaliki kwa sababu yake, halafu ukaenda kuiajiri!"

"Inajua kuongea. Mimi sijui."

"Mpe Eeddo hiyo simu."

Aliitoa bila ubishi. Eeddo Ardo hakujua aiweke wapi, akaikalia. Na kutoka chini ya nguo zake zote, pale mkekani, ikatoka sauti nzito ya upole: "Samahani, sijakusikia vizuri. Unaweza kurudia?"

Eeddo aliruka kama aliyeumwa na nge. Abdihafid alijaribu kukunja uso, akashindwa, akageuka kando mabega yakimtikisika. Hata Sora alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Mimi nilikuwa nimejiinamia, na hakikuwa kicheko. Tumbo lilinikata mpaka magotini.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikaingia bafuni, nikafunga komeo. Niliangalia. Bado. Nilisimama pale nimeegemea karai la maji, nikamwomba Mungu kitu ambacho mwanamke haombi kwa sauti. Kisha nikarudi.

Alikuwa angali amesimama vile vile.

"Nilidhani umeondoka," alisema.

"Ungefanya nini?"

"Ningesimama tu."

*

"Hiyo kitu," alianza polepole, akichora ardhini kwa fimbo, "ilikuwa inakuambia nini hasa?"

"Haikuwa ikiniambia. Ilikuwa ikiniuliza."

"Inauliza nini?"

"Kilichotokea lagani."

Fimbo ikasimama.

"Mimi sikuuliza," alisema.

"Hukuuliza. Uliniuliza kama nimekula. Halafu ukaenda kwa mbuzi."

"Nasteha." Alitafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano mchangani. "Kwetu, mtoto akienda bila kulia, hatajwi mbele ya mama yake. Tukimtaja ni kama tunamzika tena mbele yake. Mama yangu alipoteza wawili. Baba hakusema, ndugu hawakusema, na mama alisema mpaka kufa kwake: watu wale waliniheshimu. Mimi nilikuwa nakuheshimu."

Nilikaa chini.

Heshima! Miaka yote ile niliyoikalia kama jiwe la moto, yeye alikuwa akiiita heshima.

"Kwetu watu huja," nilisema. "Wanakuja, wanakaa, wanamtaja, unasimulia mpaka unachoka kusimulia. Lakini yule hakuwa amelia, wakasema ni wa peponi tayari, hakuna matanga. Basi hawakuja. Nikabaki nakungoja wewe. Ulivyonyamaza, nikajua umesahau."

"Nisimulie sasa."

"Abowe yupo."

"Awepo. Nisimulie."

Abdihafid alifungua mdomo. Eeddo alimwonyesha kidole kimoja, akaufunga.

Nikasimulia. Na Sora akachuchumaa palepale, fimbo magotini, akanipokea kama watu wake wanavyompokea msafiri kisimani: kila sentensi ikifika mwisho, aliijibu kwa neno dogo, ili msimulizi ajue mzigo umepokelewa.

"Mvua ilianza alfajiri."

"Eee."

"Tulipanda gari la mkaa, mimi na mama na yule dereva mwenye kikohozi."

"Eee."

"Laga ilikuwa imejaa. Dereva alivua shati akaingia kupima kina, maji yakamfika kifuani."

"Eee."

"Nilikuwa nikikupigia. Simu yako ilikuwa haipatikani. Nilikupigia mpaka mama akaninyang'anya."

"Eee," akasema, na lilikuwa limepasuka katikati.

"Wakatandika magunia. Akatoka. Mama akamgeuza, akampiga mgongoni. Akamgeuza tena."

Nilingoja. Faraji, nilipofika mahali hapa, alikuwa amejibu papo hapo, bila hata pumzi kupita: pole kwa msiba wako. Sora hakujibu. Kimya chake kilikwenda, kikaenda, nikachungulia kwenye tundu nikiogopa kuona ameinuka. Hakuwa ameinuka. Alikuwa ameufunika uso kwa kitambaa cha kichwa, na mabega yale mapana ya kushikia ng'ombe yalikuwa yakitetemeka.

Ndipo akaniuliza swali ambalo hakuna mtu wala mashine aliyewahi kuniuliza.

"Alikuwa na nywele?"

Nikashika mdomo wangu.

"Nyingi," nilisema. "Nyeusi, zimelala. Mama alisema ni za upande wenu."

"Eee," alisema. "Za mama yangu." Akafuta uso. Akaendelea kuutazama mchanga. "Nasteha, kule Takaba nina ng'ombe. Mtamba mwekundu. Nilimchagua siku ile ile, kabla sijajua, kwa sababu kwetu mtoto akizaliwa baba humpa ng'ombe wa kitovu chake. Mimi dalali, nauza chochote chenye kwato. Yule sijauza. Wanunuzi wanakuja, wanamtaka, nawaambia hapana, huyo ni ng'ombe wa Tiya."

Nilisogeza jicho kwenye tundu.

"Umesemaje?"

"Ng'ombe wa Tiya. Takaba nzima wanamwita hivyo. Hawajui Tiya ni nani. Abdub ndugu yangu anamchunga. Amezaa mara mbili."

Na mimi niliyedhani hajawahi kulitaja jina lile hata mara moja! Alikuwa akilitaja Takaba, mbele ya wachuuzi, kwenye vumbi, kila msimu. Mimi nilikuwa nikimwambia simu Garissa, yeye alikuwa akiwaambia wanunuzi wa ng'ombe huko mbali, na kati yetu kulikuwa na pazia na barabara na ujinga wa watu wawili.

Tumbo likakaza. Safari hii halikuondoka.

"Sora," nikasema. "Ulikuwa na neno miezi yote hii. Kwa nini hukulisema?"

"Nilitaka uniruhusu. Sheria imenipa kamba, lakini mimi sikutaka kukuvuta kwa kamba."

"Basi nakuruhusu."

"Unaniruhusu lakini una hasira."

"Nina hasira, na nitakuwa nazo. Nitakukumbusha yule mbuzi mpaka uzeeni. Sema."

"Nilikuwa nataka kutafuta maneno mazuri…"

"Sema tu, Sora! Haraka!"

"Haraka ya nini?"

"Warya, umeambiwa sema!" Eeddo Ardo alinguruma.

Akasimama. Akaweka fimbo chini. Kwa mara ya kwanza hakuangalia viatu wala ndoo, aliliangalia pazia mahali hasa palipokuwa na tundu, penye jicho langu.

"Nasteha, mke wangu. Nimekurejea."

Eeddo akamgeukia Abdihafid. "Umesikia?"

"Nimesikia," kaka yangu alinung'unika.

"Basi wewe ni shahidi. Nenda msikitini ukalete wa pili, na umwambie mtu wako wa Mandera aendelee kuuza fitambaa."

Abdihafid alisimama kitambo akimtazama Sora, macho yale mekundu, kitambaa kilicholowa. Nadhani alitafuta tusi. "Eti ng'ombe wa Tiya," alisema tu, kwa sauti ya chini, akaenda zake akiwa amesahau funguo kwenye gari.

Nilisogeza pazia. Sora alikuwa ameshafika. Hatukugusana, tulikuwa tukitazamana tu, kama watu wawili waliopanda gari moja kwa miaka na ndio wanaonana uso. Na hapo hapo nikaisikia. Nikamwacha amesimama, nikakimbia bafuni, nikafunga komeo.

Ilikuwa imeanza.

Niliegemea ukuta wa bati uliojaa joto la mchana, nikacheka bila sauti, machozi yakinitoka. Nje nilisikia kandambili zake zikija, zikasimama mlangoni.

"Nasteha? Kuna nini?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari mdomoni: hakuna kitu. Miaka yote nilikuwa nikimjibu hivyo, kisha namlaumu kwa kuamini. Kule kwenye godoro simu yangu ilikuwa ikiita kwa mlio wake mdogo, Faraji akiuliza kama niko sawa leo.

Nikaiacha iulize.

"Kaa hapo hapo mlangoni," nilisema. "Nitakuambia. Ni kisa kirefu, na mwanzoni kitakukasirisha, kwa sababu nilikuficha tangu asubuhi."

Nilisikia akikaa chini, mgongo ukiegemea bati upande wa pili, palepale ulipokuwa wangu.

"Eee," alisema Sora.